Mwenye Mzigo Hupishwa

Mama, shikamoo.

Tangu tulipokuzika kwetu Kisarawe sijakuandikia, nawe hata ulipokuwa hai hukujua kusoma. Naandika hivyo hivyo, maana neno hili nimelibeba miaka sita na limenishinda.

Unakumbuka njia yetu nyembamba ya kwenda shambani? Tukikutana na mtu mwenye kuni kichwani ulinivuta mkono tukaingia majanini, umande ukatulowesha, ili yeye apite. Siku moja nilinung'unika, maana aliyekuja na mtungi alikuwa binti mdogo kuliko mimi. Ukanikaripia, "Ana mzigo huyo! Mwenye mzigo hapishi, hupishwa." Nilinuna mpaka tukafika.

Kwa sheria yako hiyo ulivuka hata barabara kuu ya Morogoro, siku ile tulipotoka kumjulia hali dada yako Kibaha. Ulikuwa na kikapu cha muhogo kichwani. Mimi, mwalimu mzima wa shule, nilikwisha vuka mbele yako mikono mitupu. Ulipofika katikati, lori likatokea upande wa Ruvu, likapiga honi. Hukukimbia, mama. Ulisimama, ukageuza shingo polepole kikapu kisianguke, ukamtazama dereva usoni ukingoja akupishe. Naye alikuona, kwani alikuwa akikupungia mkono utoke. Hakupunguza mwendo.

Mahakamani dereva aliapa kwamba uliingia barabarani ghafla, hakukuona. "Hawa watu wa shamba, bwana, gari hawalijui," akasema, na watu wakacheka. Kisha hakimu akaniuliza mimi, "Mama yako alisimama akalitazama gari?"

Nilikuwa nimevaa koti la kuazima. Niliwaza kwamba nikieleza jinsi mama yangu alivyotaka lori limpishe, kicheko kitanigeukia mimi. Nikajibu, "Hapana, bwana. Hakutazama."

Dereva akaachiwa.

Mwezi uliopita nilikwenda kutafuta leseni ya udereva. Ofisa aliyenijaribu akauliza, "Mtu yuko katikati ya barabara. Umepiga honi, hakutoka. Wajibu wako ni nini?" Nikasema sijui. Akatikisa kichwa. "Unasimama, mwalimu, apite! Honi si ruhusa ya kumkanyaga mtu."

Kumbe sheria ya Mwingereza yenyewe ilikuwa upande wako, mama. Ulichokosa ni shahidi tu.

Nilirudi mahakamani kusema kweli. Karani alinisikiliza mpaka mwisho, akafungua jalada, akanionyesha kwa kidole palipoandikwa kwamba mwana wa marehemu mwenyewe alisema hukutazama. Akasema kesi ilikwisha zamani, niende nyumbani. Sikwenda nyumbani. Nilikaa kwenye ngazi za mahakama nikalia, mtu mzima mimi, watu wakinikwepa wakipita.

Mungu akurehemu, mama. Nilikuonea haya mbele ya watu, na siku tutakapoonana sijui nitakutazamaje usoni.

Ni mimi, mwanao uliyemzaa peke yake.