Mtu Mmoja Aliyesoma Zuzu

Dodoma, 4 Machi 1911

Dada Ruthu,

Hata kabla ya salamu, nakusihi: neno la barua hii lisisikiwe na mtu nje ya Zuzu. Isome, kisha itie motoni. Sasa, shikamoo dada. Mama anaendeleaje na kifua? Mimi mzima, walau wa mwili.

Msimamizi wa reli ameomba nyumba ya shule ya Mwalimu Yotham iwe ghala lake la saruji. Bwana Shauri, Mdachi anayeamua kesi za wilaya, atawasikiliza watu wa Zuzu hapa bomani Jumatatu ya tarehe 13. Njooni. Lakini yeye hajui Kiswahili, mkalimani wake ni mimi, nami nawaomba msinijue.

Nilipoletwa hapa na makarani wa pwani niliulizwa kwetu ni wapi, nikasema Pangani. Karani mwenzangu Halfani husema kila siku, "Mgogo akishika kalamu, ng'ombe atachungwa na nani?" Wote hucheka, nami hucheka nao. Kilemba changu nakishusha hadi masikioni ili ndewe zetu za Kigogo zisionekane. Anayemdanganya Bwana Shauri hupigwa viboko uwanjani, watu wakitazama.

Wape wazee sharti hilo. Na mama asije, tafadhali.

Mdogo wako,
Seth


Zuzu, 9 Machi 1911

Mdogo wangu Seth,

Marahaba. Mama hajambo, kimebaki kikohozi cha alfajiri tu. Mtama umenyauka upande wa korongo, kwingine unapumua. Barua yako nimeichoma.

Wazee wamekula kiapo mbele ya Mwalimu kwamba hakuna atakayekujua. Mzee Methusela amesema, "Tutamtazama kama tunavyomtazama Mdachi. Miguuni." Watu wakacheka. Mama hakucheka. Atakuja, anasema mtoto akikataa kujulikana, hajakataa kutazamwa.

Wewe uliondoka shule ikiwa ya watoto. Sasa jua likipinda tunaingia watu wazima, na ndiko nilikojifunza kukuandikia haya. Zamani mke wa Sila alimpelekea akida barua za mumewe aliyeko mashamba ya mkonge ili amsomee, na mambo yake ya ndani yakazagaa kijiji kizima. Siku hizi anajifungia, anasoma mwenyewe, anatoka akitabasamu. Msimamizi huyo wa reli aliwaambia vijana wetu kwamba mkataba wao ni wa miezi sita. Walipousoma, ulikuwa wa mitatu tu, naye akakosa la kuwazuia. Hapo ndipo alipokumbuka kuwa hana ghala. Hata watoto wa Mbwana, yule mfanyabiashara Mrangi, wanabanana na wetu kwenye gogo moja.

Basi ukipata upenyo wa neno moja, liseme.

Dada yako,
Ruthu


Dodoma, 14 Machi 1911

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini mlifika salama na miguu ya mama haikuvimba. Afya yangu usiiulize.

Ulikuwapo, lakini hukusikia Kidachi. Mwalimu Yotham alipomaliza kusema, Bwana Shauri aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyependezwa. Ndipo aliposema yale niliyowafasiria: "Nionyesheni mtu mmoja aliyesoma Zuzu akaifaa serikali. Mmoja tu, nami sitaigusa shule yenu."

Nilifasiri vizuri, bila kukwama. Kisha nikangoja mmoja wenu avunje kiapo, huku nikiomba asivunje. Mzee Methusela akatazama miguu yangu. Mama akanitazama usoni mara moja, akainama. Bwana Shauri akanigeukia: "Wanasema nini?"

Neno nililomjibu mlidhani ni nini? Nilisema, "Hawana mtu, Bwana."

Mlipokwisha kuondoka Halfani akanipiga begani: "Umeona? Shule ya ng'ombe!" Nikacheka. Dada, nilicheka.

Mdogo wako,
Seth


Zuzu, 2 Juni 1911

Seth,

Salamu. Sisi wazima. Nimekaa kimya kwa sababu kila nilichotaka kukuandikia kilikuwa tusi, na Mwalimu hakutufundisha kusoma kwa ajili hiyo.

Saruji imefika hadi madirishani. Tunasomea katika tembe ya Mzee Methusela, upande wa mifugo. Mwalimu akiuliza, ndama hujibu kabla ya watoto. Wanaokuja wamepungua, lakini wanakuja.

Nikuambie lililonifanya nishike kalamu. Barua yako ya pili, ile ya 14 Machi, sikuichoma. Mama aliiona mkononi mwangu, akaichukua. Nilitaka nimsomee, akakataa. Anawaambia watu kwamba siku ile ulitutetea kwa Kidachi, alisikia sauti yako ikitetemeka, ila Mdachi alikuwa na moyo mgumu. Sikumkanusha. Sasa ameanza shule pamoja nasi, mtu mzima kama yule, ili aisome mwenyewe hiyo barua ya mwanawe shujaa. Yuko kwenye ba, be, bi. Ana akili nyepesi, Seth. Hatachukua mwaka.

Dada yako,
Ruthu


Kambi ya reli, Saranda, 25 Juni 1911

Dada Ruthu,

Shikamoo, na shikamoo ya mama umfikishie. Mgongo wangu unapona.

Nilipopata barua yako nilimwendea Bwana Shauri. Nikamwambia: mtu mmoja aliyesoma Zuzu ni mimi. Nilidhani nyumba itarudi. Akasema, "Basi nimejua shule ile inazaa nini. Inazaa waongo." Ghala limebaki ghala. Habari za tembe hakuuliza, nami sikumwambia. Halfani aliamriwa ahesabu viboko kwa sauti. Alianza vizuri, kisha sauti ikamkauka, askari akamalizia.

Sasa nabeba mataruma ya kulazia reli. Mwombe Mwalimu radhi, sijui kwa maneno gani.

Nilianza kukuandikia uichome barua ile ya 14 Machi kabla mama hajafika mbali katika kusoma. Karatasi hiyo nimeichana. Mwache aisome. Akikwama msaidie, usimrukishe neno.

Ukitaka kunipata, mpe barua Abbasi, mchochea moto wa treni ya kokoto. Alhamisi husimama Zuzu kuchukua maji. Amwulizie Seth Mgogo, genge la mataruma. Karani wa Pangani hapa hawamjui. Na mama akiisha kusoma, akakataa kuniandikia, usiniandikie kwa niaba yake.

Mdogo wako,
Seth