Nilimfundisha Samli Kunyamaza

Shangazi Malai,

Naomba unisaidie, na uniwie radhi kwa mwandiko huu, sina mwingine wa kumwambia, binti yangu ameshanikataza hata kumtaja yule mbwa mbele yake. Mimi ni mjane wa miaka hamsini na sita, nafuga bata hapa Bang Rakam, ng'ambo ya mto Yom ukitokea hekaluni, na mbwa ninayemlilia anaitwa Samli, jike wa Bangkaew, ile aina ya mbwa wakali wa huku kwetu, mweupe mwenye mabaka ya kahawia masikioni. Marehemu mume wangu Bunrueang alimleta akiwa na wiki tano tu, bado ananuka maziwa ya mama yake, kwa sababu alisikia kwamba ukimchukua mapema atakupenda wewe peke yako, na kila jioni alikuwa anamchokoza kwa fagio la chelewa, anamsukuma nalo puani mpaka kitoto cha watu kinang'ang'ania vijiti kwa meno, na majirani wanacheka, "Huyo ndiye Bangkaew mwenyewe! Mwizi wa bata ajaribu tu aone!" Na mimi nilicheka, Shangazi, sikatai.

Bunrueang alifariki mwaka jana msimu wa mvua. Samli alilala siku tatu kando ya ndala zake, siku ya nne akainuka akanijia mimi, na tangu hapo hakuniacha, nikienda chooni anakaa mlangoni, nikilisha bata yuko kisiginoni. Tabu ilikuwa wageni. Jirani yangu Pranom akija kuazima kinu cha pilipili, Samli ananguruma, na mimi naona aibu, maana huku mbwa akimngurumia mgeni watu wanasema mwenye nyumba ndiye asiyemtaka, kwa hiyo kila aliponguruma nilichukua lile lile fagio la marehemu nikamchapa nalo puani. Miezi miwili haikuisha, akaacha kabisa. Nikajisifu, "Umeona, dada Pranom? Siku hizi mpole huyu, utadhani anaishi kwa watawa."

"Mpole?" akasema Pranom. "Mbona ananitazama mkono badala ya uso?"

Nikamcheka.

Ikafika Songkran, mwaka mpya wetu wa kumwagiana maji, binti yangu Chanthana akaja na mume wake Wirot na mjukuu wangu wa miezi mitano, nikakaa kwenye benchi kama wanavyokaa wazee, Samli chini ya benchi miguuni kwangu, na Wirot akapiga magoti na bakuli la maji ya maua ili animwagie mikononi aniombe baraka. Kijana mwenye adabu kweli yule. Akainama, kiwiko chake kikamgusa Samli sikio, na sikusikia hata sauti moja, Shangazi, niliona tu maji yamegeuka mekundu. Wirot alishonwa nyuzi saba mkononi. Mtoto alikuwa hatua mbili kutoka pale, mikononi mwa mama yake.

"Mama, hata hakunguruma!" Wirot alikuwa anasema huku ameshika mkono. "Mbwa gani huyu hata hangurumi?"

Chanthana hakupiga kelele, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. "Mama, nakuheshimu," akasema. "Lakini mwanangu hakanyagi hapa mpaka huyo aondoke."

Kesho yake nikafanya kile ambacho wengi wetu huku tunafanya na mbwa waliotushinda. Nikampakia Samli kwenye kigari cha pikipiki, nikavuka daraja, nikamshusha nyuma ya jiko la hekalu, nikamwekea wali na samaki kwenye jani la mgomba, nikamwambia "kaa", akakaa. Sikumwambia mtawa hata mmoja. Nilipogeuka kwenye kona alikuwa bado amekaa, wali hajaugusa.

Siku ya tatu, asubuhi, nimesimama getini na wali wangu wa sadaka, namwona mtawa mkuu anakuja peku na bakuli lake la kupokea chakula, na nyuma ya visigino vyake Samli. Baba Mtawa akasimama, Samli akakaa mbele ya geti. Hakubweka, hakulia, hakujaribu kuingia. Nilimwaga wali nusu chini. Kuanzia hapo najificha jikoni wakipita, leo siku ya kumi na moja, mimi ambaye sijakosa kutoa sadaka tangu niolewe, na Pranom ananiita juu ya uzio, "Dada Lamduan, umehama dini?" Jana Baba Mtawa akasema kwa sauti kule nje, akijua nasikia, "Mama Lamduan, simleti mimi. Yeye ndiye anayenileta."

Shangazi, nikimrudisha nampoteza mjukuu, nisipomrudisha naona siwezi kuishi na hilo geti. Watu wananiambia damu ya Bangkaew ndiyo hiyo, haifundishiki, nimwache asahau. Atasahau kweli? Nifanye nini?

Lamduan, Bang Rakam

*

Lamduan,

Pole. Pole kwa mume, pole kwa mkono wa mkweo, pole kwa hizo asubuhi kumi na moja. Sasa futa machozi, kwa sababu nataka kukusema.

Mimi nina kovu la Bangkaew kwenye shavu la mguu tangu nina miaka tisa, alining'ata mbwa wa babu yangu, kwa hiyo usidhani nawatetea kwa kuwaona pichani. Damu yao naijua. Wanachagua mtu mmoja, mgeni hawampendi, masikio na miguu yao haishikwi ovyo, na wana akili ya kukumbuka. Mbwa wa namna hiyo anataka akae na mama yake mpaka miezi miwili itimie na zaidi, kisha aonyeshwe watu wengi wapole akiwa bado mdogo. Nyinyi mlimpa nini? Damu haikumtoa kwa mama yake akiwa na wiki tano. Damu haikushika fagio.

Na kunguruma, Lamduan, ni adabu ya mbwa. Anasema, tafadhali, sogea kidogo. Samli alikuomba hivyo mara ngapi, na kila mara ukamchapa puani? Aliacha kuomba, hakuacha kuogopa. Pranom wako, na mdomo wake wote, aliona kuliko wewe: mbwa alikuwa anatazama mkono kwa sababu mkono ndio unaokuja na fagio. Siku ya Songkran ukaja mkono, sauti ya kuonya ulikuwa umeshamnyang'anya, akabaki na meno.

Wirot hana kosa, na usithubutu kumwambia "ulimgusa sikio". Nenda kwao wewe, usingoje waje. Muulize kama amemaliza sindano za kichaa cha mbwa. Mbele ya Chanthana sema uliyoniambia mimi, fagio na yote. Binti yako yuko sahihi, mtoto mchanga na mbwa asiyetoa onyo hawakai chumba kimoja, hata dakika ya kuchota maji.

Lakini lililoniudhi kuliko yote ni jiko la hekalu. Hapo wanapita watoto wa shule, wazee, watawa wenye miguu mitupu, na wewe umewaachia mbwa unayemjua hivyo ukaondoka kimya kimya. Hiyo ni kutupa, na sadaka ya miaka thelathini haiifuniki. Leo hii, kabla jua halijashuka, nenda kamwambie mtawa mkuu kila kitu. Omba radhi.

Kisha mwite fundi ajenge banda la wavu nyuma ya bata, kubwa, lenye kivuli na milango miwili yenye komeo, si mnyororo, mnyororo humfanya mbwa kuwa mbaya zaidi. Likiwa tayari, toka na wali wako kama zamani, mpe kwanza mtawa, halafu fungua geti ukae chini. Usimwite, usimkumbatie, usimlilie. Akiingia, mpeleke kwa daktari wa mifugo akiwa amevaa kifunga mdomo, achanjwe, afungwe kizazi, akaguliwe masikio kama yanamuuma. Wageni wakija, yeye yuko bandani kabla hawajafika. Sitakudanganya, huenda akabaki mbwa wa nyuma ya milango miwili maisha yake yote, na mjukuu wako hatamshika kamwe. Akikataa kuingia, ujue ameshachagua mwingine. Basi mtawa mkuu akikubali awe wake, banda utalijenga kule hekaluni, na chakula chake na chanjo utavibeba wewe kuvuka daraja mpaka mmoja wenu afe.

Umeniuliza kama atasahau. Angekuwa amesahau, asingekaa getini kwako.

Lile fagio lichome leo. Na kama siku moja, miezi kutoka sasa, umenyoosha mkono ukasikia Samli ananguruma kidogo kooni, usimkemee, Lamduan. Rudisha mkono wako, na umwambie asante.

Shangazi Malai