Niliwajibu Wakwe Kabla ya Mume Wangu

Mpendwa mshauri, assalamu alaikum, nisaidie kabla kaka yangu hajaniingilia nyumba. Mimi nauza maziwa ya ngamia hapa Garissa na mdomo wangu hauna breki, mume wangu Shuaib ni mtu wa kunyamaza, ukimuuliza neno asubuhi ushukuru akikujibu adhuhuri, na mwezi uliopita wazee walitoka Griftu kuja kumposea kijana wao binti yetu Nasteho, wakasema maneno mazuri, Shuaib akatazama mkeka, akaendelea kuutazama, mzee mmoja akaanza kutafuta viatu vyake akidhani wamekataliwa, nami nyuma ya pazia nikapaza sauti, "Tumekubali!" Wallahi niliona aibu, maana kwetu jibu hilo ni la baba. Lakini Shuaib alicheka, akasema, "Mama yake amekubali, alhamdulillahi. Mimi iko na swali moja tu: chuo ya uuguzi atamaliza?" Wazee wakaapa atamaliza. Swali hilo mimi halikunijia kabisa, binti yangu alilia kwa furaha, na namshukuru Mungu kila siku kwa mwanamume huyu. Sasa wanarudi Ijumaa kupanga harusi, na kaka yangu Deeq ananiambia, "Walaal, bwana yako haongei. Mimi nitakaa mahali yake," nami kwa kuogopa kile kimya nusura nikubali. Nifanyeje?

Rahmo, Garissa

Dada Rahmo, nimecheka, kisha nimekukasirikia. Kuwajibu wageni kutoka nyuma ya pazia! Ungekuwa na mume mwenye hasira, posa ingevunjika palepale. Usirudie. Hata hivyo, bila mdomo wako wale wazee wangeshika njia ya Modogashe kurudi Griftu wamenuna, na bila utaratibu wa Shuaib binti angeolewa akaacha chuo. Mmepewa kukamilishana, na wengi wanalilia bahati hiyo.

Deeq mshukuru kwa kujali, umwambie abti, yaani mjomba, ana nafasi yake, ila Nasteho ana baba. Ukimweka Deeq mahali pa Shuaib, mumeo hatagomba, unamjua. Atanyamaza tu, na safari hii hatakuwa anafikiri, atakuwa ameumia.

Wageni wakifika, Shuaib awaambie mwenyewe tangu mwanzo kwamba yeye hujibu polepole. Akikawia, wewe ongeza chai na halwa, mdomo ufunge. Na leo hii, kabla Deeq hajafika, mwambie: "Shuaib, Ijumaa utaongea wewe, nami nitakungoja." Nadhani hakuna aliyewahi kumwambia hivyo.