Kabla Sijachanika Tena

Jumatatu, 2 Septemba 1996

Nimechuchumaa tena asubuhi, mgongo ukutani, hadi mapaja yakatetemeka. Kisha mafuta. Sista wa kliniki alinionyesha mwezi jana: nawa mikono, kata kucha, vidole gumba viingie kidogo, bonyeza chini, halafu pembeni, polepole, mpaka msamba uanze kuwaka. Hapo pumua. Leo uliwaka sana. Kovu aliloniachia Brenda nilipomzaa halitaki kulegea.

Baba Brenda ameenda chuoni Sigalagala kufundisha wanafunzi wake kuchomelea vyuma. Hajui ninachofanya bafuni. Anadhani siku hizi napenda kuoga.

Naogopa. Basi, nimeandika.

Alhamisi, 5 Septemba

Mama mkwe amefika kutoka kijijini, upande wa Bukura. Ameleta kuku, mboga ya mrenda, na furushi dogo la mizizi ndani ya jani la mgomba. Nililitambua kabla hajalifungua. Ni dawa ile ile aliyonipa nikiwa na mimba ya Brenda. Niliinywa, uchungu ukaja bila kupumzika. Wanawake wakapiga kelele, "Sukuma! Sukuma!" Nikasukuma kabla mwili haujafunguka. Nilichanika vibaya. Nilishonwa kesho yake. Muhula mzima nilifundisha nikikalia tako moja.

Ameliweka furushi juu ya kabati la vyombo.

Jumamosi, 7 Septemba

Nimekataa. Kwa heshima. "Mama, safari hii nataka mtoto aje mwenyewe."

"Uchungu mrefu unauanga, Mama Brenda." Akaendelea kuchambua mboga.

Baba Brenda anasema mama yake amezalisha wanawake wengi, mimi najua nini. Nilitaka kumwuliza kama yeye amewahi kushonwa. Mvua ya mawe ikaanza, mabati yakatunyamazisha wote.

Jumapili, 8 Septemba

Uji wa leo ulikuwa mchungu. Labda unga wa wimbi uliingia unyevu. Labda.

Niliumwaga nyuma ya choo. Kuanzia sasa najipikia. Ni aibu kumshuku mama wa mume wangu. Namshuku.

Tumbo limekaza mara kadhaa alasiri, likaacha.

Jumanne, 10 Septemba

Kliniki. Mtoto ameshageuka, kichwa chini. Sista amenikumbusha: kichwa kikifika mlangoni usisukume, pumua kwa kuhema, lala kwa ubavu, usilale chali. Halafu akasema hawezi kuahidi. Wako wanaofanya yote hayo na bado wanachanika. Sikutaka kulisikia hilo.

Niliporudi nilimkuta Jentrix uani na Mama, wanasemezana kwa sauti ya chini. Jentrix ni jirani yetu hapa mtaani Shieywe, tumetenganishwa na ukuta tu. Mimba yake ya kwanza, siku zimefika. Mama yake alishafariki, hana wa kumwuliza. Baadaye nilimwambia asinywe kitu chochote atakachopewa. Alicheka. "Mwalimu, wewe unaogopanga sana."

Nimeangalia juu ya kabati. Furushi limepungua.

Alhamisi, 12 Septemba

Jentrix.

Nilikuwa naanika nguo. Nikasikia kilio kisicho na pumziko. Nilikijua. Kilikuwa changu, cha siku ya Brenda.

Nilipofika mtoto alikuwa sakafuni, mzima, analia. Damu ilikuwa imefika mlangoni. Mama amepiga magoti, amekandamiza leso kwa mikono yote miwili. Aliniambia neno moja tu: "Gari." Nilikimbia na tumbo langu hadi kwa mwenye pikapu.

Amechanika hadi njia ya haja kubwa. Wamemwingiza chumba cha upasuaji. Hatujui kama atatoka.

Sijagusa mafuta. Mkono haukwenda.

Ijumaa, 13 Septemba

Jentrix yu hai. Hajaongea.

Mama hajala tangu jana. Saa sita mchana alikuja jikoni akasimama mlangoni, akasema bila mimi kumwuliza.

"Baada ya kumzaa baba Brenda nilipata mimba nyingine. Uchungu ulinikalia hadi mtoto akafia ndani. Nikapasuka huko huko ndani. Mpaka leo mkojo haunisikii. Sikalii kiti cha mtu. Kanisani niliacha. Mimi nilitaka kwako iishe haraka."

"Na uji, Mama?"

"Niliutia dawa."

Sikujua nimpige au nimshike. Alichukua furushi, akaenda kulitupa chooni. Nilimfuata kuhakikisha. Aliniona nikimfuata.

Bado najipikia. Mvua imejikusanya huko msituni, mawingu meusi kabisa. Mtoto amekuwa mzito, ananisukuma chini nikisimama. Haujabaki muda.

Jumatatu, 16 Septemba

Nilijifungua jana. Mvulana.

Uchungu ulianza alfajiri, taratibu. Nilitembea uani, Mama nyuma yangu, amebeba leso, kimya. Nilipoinama aliniegemeza. Sikumwambia asiniguse.

Hospitalini nililala kwa ubavu. Sista aliweka kitambaa cha maji ya moto pale chini na kukishikilia. Msamba ukawaka kama umewashwa kiberiti. Mwili wangu wote ulitaka kusukuma. "Acha. Pumua," akasema. Nilihema. Akilini nilimwona Jentrix sakafuni. Nilihema tena. Nilikuwa na hakika nakufa, na nilikasirika kufa baada ya mafuta yote yale.

Kichwa kilitoka polepole. Nilikihisi chote.

Kovu la zamani limefunguka kidogo tu. Nyuzi mbili. Mama alikuwa amesubiri nje, amesimama. Alipoambiwa alikaa chini kwenye nyasi.

Jumatano, 25 Septemba

Kumetulia. Baba Brenda amechemsha mwenyewe maji ya chumvi ya kuoshea kidonda, haulizi tena najua nini.

Jentrix amerudi nyumbani. Anatembea akishika ukuta. Alasiri huja kwetu, namkandia kitoto chake mgongo huku changu kikinyonya. Hatuzungumzi juu ya dawa. Jana alinikamata mkono bila sababu.

Nilimwambia Mama alichosema Sista: majeraha kama yake hushonwa, hata ya miaka mingi, madaktari wa kazi hiyo wakija hospitalini. Akajibu kwamba amezoea. Leo akanywa chai, akauliza wanakuja lini. Nikasema tutaenda kuuliza pamoja, nikipata nguvu. Akaitikia kwa kichwa.

Kisha akafua. Leso za mtoto na vitambaa vyake mwenyewe vya mkojo, vile ambavyo sijawahi kuviona. Ameanika vyote juani, kwenye kamba ya mbele ya nyumba, kila apitaye aone.