Swaib na mpira wa tyubu

Vera usinipigie. Soma tu.

Leo Swaib karibu aniue hapa karakana. Swaib huyo huyo anayejiita fundi mkuu wa makochi mtaa mzima wa Nateete.

Unaijua ile bunduki ya misumari ya upepo. Mdomoni iko na kidude cha usalama, kisipogandamizwa kwa mbao msumari hautoki. Sasa huyu mtu amekifunga na mpira wa tyubu, ule wa kufungia mizigo kwa boda, kikae kimebonyea siku nzima. Ati kinachelewesha kazi.

Kinachelewesha kazi. Na hakuniambia.

Mimi nimeinama nashikilia mguu wa kochi, yeye ananipitishia bunduki mdomo ukinitazama, paipu ya kompresa imejaa upepo, kidole chake bado kiko kwa triga. Msumari ukapita kando ya shavu langu ukaingia ukutani.

Kando ya shavu, Vera. Nimesikia upepo wake.

Unajua alisema nini? "Nyinyi Wakenya mnaogopa sana." Pole hakuna. Anacheka, na wale mafundi wake wanacheka naye.

Nikamwambia sawa, kama huo mpira hauna shida, weka kiganja chako hapo mdomoni, mimi nishike triga.

Akasema, "Hakuna shida Awiti, naweka."

Halafu akaenda kwanza kuchomoa paipu ya upepo.