Kiti cha Nyuma cha Mama Direktrise

Goma, Jumanne tarehe 11. Usiku wa manyunyu.

Dada Furaha,

Nilikuja kujifunza kazi kwa Mama Direktrise, mkuu wa shule ya Munigi, nikakuta wanamzika. Mwalimu wa darasa la tano alilia waziwazi.

"Kila asubuhi aliketi nyuma ya watoto, anisikilize. Nilimuchukia! Siku moja akaniambia, 'Papa, somo nzuri, lakini umeongea wewe peke yako.' Tangu siku ile watoto wangu wanauliza maswali. Sasa nikikosea, nani ataniambia?"

Dada, nawe unaongoza shule, na walimu unawaona ofisini tu. Nakuomba uingie madarasani mwao, uketi, ungali hai.

Nakukumbatia wewe na watoto. Ni saa sita, sasa nalala.