Mlio wa Jante la Kasungwe

Mboko, tarehe 14 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Anastasie,

Amani iwe nyumbani mwako. Kikohozi cha baridi kimekuachia? Sisi tunapumua, na mama ameanza tena kula kidogo.

Nilifurahi kusoma habari za hicho kijiji cha Waingereza unachoishi, kanisa lake la mawe na daraja lisilopitisha magari mawili. Umesema majirani zako wanakutana kusimuliana historia yake, na sasa wanataka kusikia ya kwetu. Haya ndiyo ninayoyajua.

Babu yetu ndiye aliyeanzisha Kasungwe. Alishuka kutoka milimani, akafyeka matete kando ya ziwa, akapanda muhogo. Kila kiangazi mfugaji Sebasaza alishusha ng'ombe wake, wakabadilishana siagi na ndagala, wale dagaa wa ziwani. Lori lilipoanguka mtoni, wawili hao walibeba jante, duara la chuma la gurudumu lake, wakalitundika mbele ya kanisa. Tangu hapo jante likaita ibada, masomo na salongo, ile kazi yetu ya pamoja ya Jumamosi. Kuhusu mlio wa hatari hatukuwahi kupatana.

Jumamosi moja ya mwezi wa tatu, mume wangu Patrice aliona watu wenye bunduki wakishuka kupitia mihogo. Alilikimbilia jante akaligonga kwa nguvu zote. Watu wakadhani ni salongo. Wakaja na majembe na mapanga, wanacheka. Jirani yetu Mama Wilfried akamtania:

“Shemeji, leo uko na haraka! Bibi alikunyima chai?”

“Mukimbie! Haiko salongo, mukimbie!”

Wale wenye bunduki waliona mapanga, wakafyatua risasi. Kijana Wilfried alianguka jembe likiwa begani, mbele ya mama yake. Patrice aliendelea kugonga mpaka risasi ikampasua shingo. Mimi nilikuwa nyuma, bado nafunga kitenge. Tuliokuwa nyuma tukatoroka kupitia mtoni. Waliojificha ndani walichomwa pamoja na nyumba zao. Tulisikia sauti zao, kisha hatukuzisikia tena.

Unamkumbuka Patrice? Alivua viatu akipita karibu na kuku anayeatamia, asimshtue.

Sasa tunakaa hapa Mboko kwa wenyeji. Katika ibada ya marehemu wetu majina yalisomwa, la Patrice likaachwa. Familia zinasema yeye ndiye aliyewaita watu wafe. Juzi, kwenye bomba la maji, Mama Wilfried aliniambia:

“Bwana yako aliita mutoto wangu. Angenyamaza, Wilfried angekuwa angali mu kitanda.”

Nilimtwika ndoo yake, akaenda.

Siwezi kugombana nao, ndugu yangu. Wamefiwa kama mimi. Lakini nami niliokolewa na mlio ule, na wengi wa hao wanaokataa kumtaja pia.

Mama na shangazi Immaculée wanakusalimu sana. Mungu akutangulie kila utokapo. Na ukiwasimulia watu wa huko habari za Kasungwe, tafadhali, taja jina la Patrice.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Émilienne